Jinsi ya kumsoma simba wa MGM: umri wa filamu na mwenye haki yake

Mwenye kibanda cha video Kampala, au mwalimu anayeongoza klabu ya filamu Gulu, akitaka kuonyesha kwa kibali filamu ya zamani ya Metro-Goldwyn-Mayer (MGM), studio ya Marekani ambayo filamu zake hufunguliwa na nembo ya simba angurumaye, hukwama mahali pamoja: aandike kwa nani? Wengi wakimwona simba huikimbilia Amazon, kwa kuwa ndiyo iliyoinunua MGM mwaka 2022 kwa dola bilioni 8.45. Kwa sehemu kubwa ya filamu za zamani, huko siko. Jibu liko kwenye dakika mbili za mwanzo za filamu yenyewe, ukijua pa kutazama.

Anza kwa kupata nakala kamili. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi, hasa zenye sauti ya VJ (mtafsiri anayesimulia juu ya filamu), zimekatwa kichwa na mkia, na vyote unavyovihitaji viko huko. Ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, simamisha jina la filamu linapotokea, kisha bonyeza herufi E: picha itasogea moja moja hadi usome maandishi madogo ya chini.

Simba mwenyewe hukupa kipindi tu. Wa kwanza, Slats, alianza na kampuni mwaka 1924, enzi za filamu bubu. Jackie, ambaye sauti yake ndiyo iliyosikika kwanza mwaka 1928, alibaki kwenye filamu za nyeusi na nyeupe hadi 1956. Tanner alitumika kwenye zile za rangi tangu miaka ya 1930 hadi wakati huohuo. Simba aitwaye Leo ndiye aliyekuja 1957 na kudumu. Lakini usimtegemee simba peke yake. Kwenye Ben-Hur (1959) hangurumi, kwa sababu mwongozaji William Wyler hakutaka ngurumo itangulie kuzaliwa kwa Yesu. Aidha, nakala zilizosafishwa upya huweza kubandikwa nembo ya kampuni nyingine mbele.

Mwaka usome kwenye tarakimu za Kirumi. Ondoa MCM, ambayo ni 1900, uhesabu kinachobaki: L ni 50, X ni 10, V ni 5, I ni 1, na ndogo ikitangulia kubwa hutolewa. MCMXXXIX ni 1939. Kosa linalorudiwa sana ni kuchanganya XL na LX kwenye picha hafifu: MCMXL ni 1940, MCMLX ni 1960, na hapo unakosea kwa miaka ishirini. Kumbuka pia kuwa huo ni mwaka wa hakimiliki. Filamu iliyotoka Januari yaweza kubeba mwaka uliotangulia.

Karibu na tarakimu hizo tafuta jina Loew's, kampuni mama ya MGM. Marcus Loew alikuwa na majumba ya sinema, na mwaka 1924 aliunganisha Metro, Goldwyn na kampuni ya Louis B. Mayer ili majumba yake yasikose filamu. Fedha zilikaa New York, kazi ikafanyika Culver City, California. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya studio zilizomiliki majumba. Loew's ilivuta muda hadi 1959 ndipo ikaachana na MGM. Ukiliona jina hilo, filamu karibu hakika ni ya kabla ya 1960.

Sasa mpaka wenyewe: Mei 1986. Mwaka huo tajiri wa televisheni Ted Turner aliinunua MGM/UA (UA ni United Artists), akalemewa na madeni, akauza tena karibu kila kitu isipokuwa hazina ya filamu za zamani za MGM. Kampuni yake iliungana na Time Warner, mmiliki wa Warner Bros., mwaka 1996. Kwa hiyo filamu ya MGM ya kabla ya mpaka huo iombee Warner Bros.; ya baada yake, Amazon. Mtego uko kwa James Bond. Hizo zilikuwa za United Artists, ambayo MGM iliinunua 1981, na zilirudi upande wa MGM. Leo ziko Amazon hata zile za miaka ya 1960.

Jaribu na King Solomon's Mines, ambayo sehemu yake ilipigwa hapahapa Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison. Rangi ni Technicolor, kwa hiyo simba ni Tanner. Tarakimu ni MCML, 1950. Jina la Loew's lipo. Barua inakwenda Warner Bros.

Katika barua taja jina la filamu na mwaka (majina hurudiwa, hili hasa), tarehe, mahali, idadi ya viti, kama kuna kiingilio, na utaonyesha kwa nakala gani. Kama VJ atatafsiri juu yake, liseme waziwazi: tafsiri ni haki ya pekee yake, na kibali cha kuonyesha hakiibebi.