Mtoto anaamka macho yamevimba? Anzeni na mkojo

Wazazi na wenzangu wa zahanati naombeni hili tulitilie maanani, mtoto wa miaka 2 mpaka 6 akiamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, afu jioni unapungua, tusikimbilie kusema ni aleji. Wengi wanapewa dawa za aleji na za minyoo wiki nzima huku uvimbe unashuka miguuni, tumbo linajaa maji, na wa kiume mpaka korodani zinavimba. Hapo fikiria figo zinavujisha protini, ndo huo ugonjwa wa nefrotiki sindromu.

Kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye kikopo kisafi, chovya stiki ya kupimia mkojo (kijiti kinachobadilika rangi), soma kwa muda ulioandikwa kwenye kopo la stiki, usikisie. Protini ikisoma 3+ au zaidi hiyo ni nyingi. Ikiwa 1+ usiogope haraka, hata homa tu inaweza kuleta hiyo, rudia akipona. Mkojo wenye povu ni dalili ya kukushtua ila haitoshi peke yake.

Afu damu ipimwe albumini (protini kuu ya damu), ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita na uvimbe upo na protini ni nyingi, jibu mnalo. Kolesteroli mara nyingi inakuwa juu. Kwenye unyafuzi pia albumini inashuka na mtoto anavimba, ndo maana wengine wanaambiwa wamlishe mayai na maziwa tu wakati protini yote inaishia chooni, yaani stiki ya mkojo ndo inawatofautisha hawa wawili na inachukua dakika chache!

Pimeni presha, kreatinini (kipimo cha damu cha kuona figo zinavyofanya kazi), VVU, homa ya ini B na kaswende, ulizeni kikohozi na TB nyumbani, na kichocho kama anaogelea ziwani au mtoni. Msimnunulie prednisoloni (dawa ya steroidi inayotibu ugonjwa huu) dukani kabla ya vipimo hivyo.

Mtoto chini ya mwaka 1 au zaidi ya miaka 12, mkojo una damu au rangi ya kola, au presha iko juu, huyo apewe rufaa, anaweza kuhitaji kutolewa kinyama kidogo cha figo kikapimwe. Akiwa na homa na tumbo linauma, anapumua kwa shida, au mguu mmoja tu umevimba na unauma, hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.