Boosta uliyounda mwenyewe imegoma? Weka mita kwenye miguu ya transista

Boosta ni pedali ndogo ya gitaa inayokuza sauti kabla haijafika kwenye ampu. Kila anayeniletea iliyogoma huja na jibu lake mkononi: "Fundi, transista imekufa." Mara nyingi ameshaibadilisha, na hiyo mpya nayo anasema imekufa. Transista hizi ndogo hazifi kirahisi namna hiyo. Kinachogoma huwa ni kiungo cha lehemu, waya wa swichi, jeki, au rezista iliyosomwa rangi vibaya, na yote hayo mita itakuonyesha kabla pasi ya kulehemu haijapata moto. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: umeme unapimwa kwanza, sauti inafuatwa baadaye, kipuri kinabadilishwa mwisho.

Nitatumia saketi ya LPB-1, kwa sababu boosta nyingi zinazoundwa nyumbani ni hiyo hiyo au ndugu yake. Ilitoka New York mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Bob Myer, mhandisi wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, kwa ajili ya Mike Matthews wa Electro-Harmonix, kampuni ya pedali za gitaa. Ina transista moja, rezista nne, kapasita mbili na volyumu. Basi.

Hesabu zake ziandike kwenye karatasi uziweke mezani. Miguu mitatu ya transista inaitwa beisi, kolekta na emita. Kutoka chanya ya volti 9 kwenda beisi kuna rezista ya kilo-omu 430, na kutoka beisi kwenda ethi (njia ya hasi ya saketi) kuna ya 43. Kolekta inapata umeme kupitia kilo-omu 10. Emita inashuka ethi kupitia omu 390 (omu tupu, si kilo). Kapasita ya kuingilia na ya kutokea zote ni mikrofaradi 0.1, na volyumu ni ya kilo-omu 100. Kariakoo ukiomba 430 na 43 utazungushwa. Chukua 470 na 47 uende zako: uwiano wake ni ule ule, beisi itapata volti zile zile.

Kabla hujafungua boksi, zima pedali kwa swichi ya mguu halafu piga gitaa. Sauti ikipita, jeki zote mbili ni nzima, nyaya za gitaa ni nzima, na upande mmoja wa swichi unafanya kazi. Isipopita hata ikiwa imezimwa, usiiguse saketi kabisa, maana tatizo halimo humo. Nimeona watu wakichomoa vipuri vyote vya bodi na kumbe waya wa gitaa ndio uliokatika ndani ya plagi.

Halafu umeme wenyewe. Pedali za gitaa kwa kawaida hutumia adapta ya volti 9 yenye hasi katikati. Adapta nyingi za ruta za intaneti ni volti 12 na chanya iko katikati, na plagi yake inaingia vizuri tu, hapo ndipo balaa linapoanza. Kama uliweka dayodi ya kinga, tuseme 1N4001, kati ya chanya na ethi, adapta iliyogeuzwa inapitisha mkondo wote ndani ya dayodi hiyo hadi inaungua na kubaki imeunganika moja kwa moja. Baada ya hapo hata betri nzuri ukiiweka, volti zinaanguka karibu na sifuri na betri inapata joto. Saketi hii inakula chini ya miliampea 1, kwa hiyo betri ikipata joto ujue kuna mahali chanya imegusana na ethi. Nyanyua mguu mmoja wa dayodi. Volti zikirudi, umempata mhalifu.

Wanaotumia betri wana ugonjwa wao mwingine. Jeki ya kuingilia inatakiwa kuwa ya stirio, na hasi ya betri inafungwa kwenye ule mguu wa kati, wa pete. Plagi ya gitaa ya kawaida ikiingia, shina lake linaunganisha pete na ethi, betri inaanza kufanya kazi. Ukiichomoa, betri inapumzika. Ukiweka jeki ya mono, au ukafunga hasi kwenye mguu usio wake, ama pedali haiwaki, ama betri haipumziki. Kwa hiyo unapopima, hakikisha kuna plagi kwenye jeki ya kuingilia, la sivyo utasoma sifuri kila mahali na kuanza kulaumu transista.

Sasa tuingie ndani. Mita iwe kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Waya mweusi ubane kwenye ethi. Mimi huubana kwenye mguu wa ethi wa jeki. Ncha nyekundu anza nayo kwenye chanya ya bodi yenyewe, usiishie kwenye jeki ya adapta, uone kama volti 9 zinafika. Kisha gusa mguu mmoja mmoja wa transista na uandike.

Saketi nzima hunipa takriban hivi: beisi 0.75 hadi 0.8, emita 0.15 hadi 0.2, kolekta kati ya 4 na 5.5. Kolekta inategemea transista uliyoweka, kwa hiyo usihangaike kuifanya iwe 4.5 kamili. Kinachotafutwa ni ikae katikati, ipate nafasi ya kupanda na kushuka na mawimbi ya gitaa. Ukipata namba hizo na bado hakuna sauti, umeme wako hauna neno. Ruka uende kwenye sehemu ya kusikiliza hapa chini.

Kolekta ikisoma 9 kamili, transista haipitishi kitu. Tazama beisi. Kama nayo ni sifuri, rezista ya 430 haijashika au njia yake imekatika, au beisi imegusana na ethi. Kama beisi ina 0.8 yake na kolekta bado iko 9, ninaenda moja kwa moja kwenye ile omu 390 ya emita: ama mguu wake haujalehemiwa vizuri, ama umeweka 390 ya kilo. Kwenye rezista za mistari mitano, omu 390 ni chungwa, nyeupe, nyeusi, nyeusi. Kilo-omu 390 ni chungwa, nyeupe, nyeusi, chungwa. Chini ya taa ya njano ya chumbani hutaona tofauti, na rangi za rezista za bluu ndiyo usiseme. Pima kila rezista kwa mita kabla ya kuiweka kwenye bodi. Ikishalehemiwa, vipuri vya jirani vinaingilia kipimo na mita itakudanganya.

Kolekta ikiwa chini kabisa, tuseme 0.4, na emita ikaifuata hapo hapo, huku beisi imefika volti 1, zile rezista mbili za beisi zimebadilishana nafasi. Transista imefunguliwa hadi mwisho na haina pa kusogea. Sauti hapo ama haipo, ama inatoka imekwaruza na kukatika katika. Na kama kolekta na emita zote ni kama sifuri huku beisi ina 0.6, angalia rezista ya kilo-omu 10: umeme haushuki kwenye kolekta.

Kuna kisa kimoja kinarudi sana, acha nikieleze kwa kirefu. Kijana anayepiga solo kwenye kwaya aliniletea boosta inayotoa sauti ndogo kuliko ikiwa imezimwa. Mchoro wake ulitaka 2N5088; dukani akapewa BC547, akaichomeka kwa kufuata umbo lililochorwa kwenye bodi. "Fundi, walinihakikishia hii ni sawa na ile." Na kweli ni sawa: zote ni za aina moja, NPN, zote zinafaa kwa kazi hii, muuzaji hakumdanganya. Lakini shika 2N5088 uso wake bapa ukutazame, miguu chini: kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. Ishike BC547 vivyo hivyo: kolekta, beisi, emita. Beisi ziko katikati kwa zote, ndiyo maana mita ilionyesha 0.6 na kitu kwenye beisi, na mtu asiye na uzoefu angeridhika. Kolekta ndiyo iliyosema ukweli, ilikuwa juu karibu na volti za betri. Transista iliyogeuzwa haifi. Inafanya kazi kinyumenyume, ila nguvu yake ya kukuza inabaki kidogo mno. Niliichomoa, nikaigeuza uso nyuma, nikairudisha, kolekta ikashuka hadi 4 na ushee. Kama unanunua BC547, tafuta yenye herufi C mwishoni, maana ukuzaji wake ni 420 hadi 800. Ya B ni 200 hadi 450, nayo inafanya kazi, ila kolekta itakaa juu kidogo.

Namba zikiwa nzuri na sauti haipo, tengeneza kifaa cha kusikilizia. Hakuna kifaa ninachokipenda kuliko hiki, na hakigharimu kitu. Chukua waya wa gitaa uliokufa upande mmoja, ukate plagi mbovu. Waya wa nje, ule wa kusuka, ulehemu na klipu ya mamba, utabana ethi. Waya wa ndani ulehemu na kapasita ya 0.1, na mguu wa pili wa kapasita uuache wazi, ndio sikio lako. Kapasita hiyo inazuia volti za DC zisiingie kwenye ampu. Plagi iliyobaki chomeka kwenye ampu, sauti chini kabisa.

Sasa ingiza muziki wa simu kwenye jeki ya kuingilia, uwe mdogo, upate mikono miwili ya kufanyia kazi. Gusa mguu wa jeki: muziki upo? Gusa mguu wa swichi unaokwenda kwenye bodi. Gusa kapasita ya kuingilia upande huu, halafu upande wa pili. Kwenye beisi muziki unatakiwa uwe kama ulivyoingia. Ukihamia kolekta, unaruka juu. Saketi hii inakuza mara 20 hivi, kwa hiyo utashtuka kama hukushusha ampu. Kisha kapasita ya kutokea, mguu wa kati wa volyumu, swichi, jeki ya kutokea. Pale sauti inapopotea, kosa liko kati ya mahali ulipo na mahali ulipotoka.

Ukishapajua, pasogelee na kikuza. Kiungo kizuri cha lehemu kimetambaa juu ya mguu na kusambaa kwenye shaba. Kibovu kimekaa kama tone la nta, kimeviringika, na ukitazama vizuri utaona pete nyembamba nyeusi inayouzunguka mguu: risasi imeshika shaba, mguu haikuushika. Kisukume kwa kijiti cha mbao. Sauti ikija na kukatika, kipashe moto upya na uongeze risasi kidogo. Kama ulitumia verobodi (bodi yenye mistari ya shaba iliyo tayari), pitisha ncha ya wembe katikati ya mistari yote ya shaba, mwanzo hadi mwisho. Uzi wa shaba usioonekana kwa macho unatosha kuunganisha mistari miwili.

Swichi ya mguu ya miguu tisa ina udhaifu mmoja: plastiki yake ya ndani huyeyuka ukikawiza pasi mguuni. Pima kwa mlio wa mita: katika kila safu ya miguu mitatu, wa kati unatakiwa kulia na jirani mmoja, na ukibonyeza uhamie kwa mwingine. Safu moja ikiwa kimya pande zote, nunua nyingine. Hairekebishiki.

Makelele sasa. Kama inavuma, weka betri. Uvumaji ukiondoka, adapta ndiyo mbaya; kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na ethi, pamoja na rezista ya omu 100 iliyokaa njiani kabla yake, hupunguza sana, na kwa mkondo mdogo kama huu rezista hiyo haipotezi hata volti 0.1. Uvumaji ukibaki, gusa boksi kwa mkono: ukibadilika, boksi lenyewe halijafungwa ethi. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, pima DC kwenye miguu yake. Inatakiwa iwe sifuri. Ukiona volti pale, kapasita ya kutokea inavuja. Ukiona sifuri, volyumu ni chafu tu.

Na usishangae ukisikia redio. Boosta inakuza kila kinachoingia, na nyaya ndefu za ndani zinadaka mawimbi. Fupisha waya wa kutoka jeki hadi bodi, kisha lehemu kapasita ndogo ya pikofaradi 47 kati ya kolekta na beisi. Ukifika 100 redio itanyamaza zaidi, ila na ukali wa nyuzi nyembamba utaanza kupungua. Hata bila hiyo kapasita, LPB-1 inaufifisha ukali kidogo kwa asili yake, kwa sababu inaibebesha pikapu ya gitaa (ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) mzigo mkubwa. Ndivyo ilivyo.

Ikishalia mezani, usifunge skrubu bado. Weka bodi ndani ya boksi, funika kwa mkono, piga. Boosta inayolia nje na kunyamaza ndani ya boksi ina mguu unaogusa chuma, na mara nyingi ni miguu ya volyumu au upande wa chini wa bodi. Bandika utepe wa umeme mgongoni mwa volyumu na ndani ya mfuniko, kata miguu mirefu ya vipuri, jaribu tena, ndipo ufunge.