Kulisha utumbo huku unatibiwa sonona

Sonona haiponi kwa bakuli la mtindi. Dawa za daktari ziendelee, chakula kiwe cha kuongezea. Ukizikata ghafla kwa kuwa umeanza kula vizuri, kizunguzungu na kukosa usingizi vinaweza kukuanza ndani ya siku chache. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, nenda Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Unguja, au hospitali iliyo karibu, siku hiyo hiyo.

Utumbo na ubongo hupashana habari kwa mshipa wa fahamu uitwao vagasi, kwa kinga ya mwili, na kwa kemikali wanazotoa bakteria wanapochachua nyuzinyuzi. Husemwa sana kwamba serotonini, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, ikitoka utumboni hupanda kichwani. Haipandi. Ni kweli takribani asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa huko, lakini haipenyi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Jaribio la Australia lililochapishwa 2017 lilikuwa na watu 67, kwa wiki 12: kati ya waliosaidiwa kubadili mlo, karibu thuluthi moja sonona iliwatoka, kwa waliopewa wa kuzungumza nao tu, asilimia 8. Jaribio dogo, ila linatia moyo.

Kwa nyuzinyuzi hizo, anza na choroko, mbaazi au kunde. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Wiki ya kwanza vijiko 3 vya kulia kwa siku, ya pili nusu kikombe, ya tatu kikombe kizima, na maji ya kunywa yaongezeke. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: siku ya kwanza sahani imejaa, usiku tumbo limejaa gesi, asubuhi wameacha. Mbaazi za nazi hazina ubaya, tui liwe jepesi. Cha kupunguza ni lile boflo na maandazi.

Mtindi: chemsha maziwa lita 1, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie kwa kuhesabu kumi. Koroga vijiko 2 vya mtindi wa jana usio na sukari, funika, zungushia kanga, acha saa 8. Maziwa yakiwa moto mno bakteria hufa. Yakipoa sana hayagandi. Usiupashe moto tena. Bilauri moja kwa siku yatosha.

Vibua au dagaa mara 2 au 3 kwa wiki, wa kuchemsha au kupaka. Mwezi wa Ramadhani, futari ianze na kunde kabla ya bajia.

Kila usiku andika daftarini usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo, alama 0 hadi 10, umpelekee daktari.