Somo: Kujenga kliniki ya mazoezi tiba ya usharika wakati mifuko ni mitupu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wengi mmeniuliza usharika wetu, hapa pembezoni mwa Moshi, ulipataje kliniki katika kipindi ambacho watu wananunua sukari kwa robo. Nitaeleza hatua kwa hatua, na tulipokosea nitasema.

Hatua ya 1: Wagonjwa kwanza, matofali baadaye. Kila jumuiya ilipita nyumba kwa nyumba na daftari. Tulikuta wazee wa kiharusi wamelazwa vyumba vya nyuma, watoto wenye mtindio wa ubongo wasiotolewa nje, na vijana wa bodaboda waliotibiwa mifupa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, lakini wakaacha mazoezi kwa kukosa nauli. Daftari lile lilituombea fedha kuliko barua zote tulizoandika.

Hatua ya 2: Vibali. Mwoneni mapema Mganga Mkuu wa halmashauri yenu. Kituo cha dini nacho ni lazima kisajiliwe. Mtaalamu awe na leseni hai. Huku tumebarikiwa, maana KCMC, iliyofunguliwa 1971, ina shule ya fiziotherapia, yaani mazoezi tiba. Kiwanja kikitolewa na mzee kwa mdomo, andikishianeni na watoto wake watie sahihi. Msione haya.

Hatua ya 3: Anzeni na chumba mlicho nacho. Hapa ndipo tulipoanguka. Baada ya harambee ya kwanza tulichimba msingi wa vyumba sita. Ahadi nyingi hazikulipwa, masika yakaingia, mitaro ikajaa maji, na saruji tuliyoipanga sakafuni ikaganda mfuko kwa mfuko. Nililia siku ile. (Saruji ilazwe juu ya mbao, mbali na ukuta.)

Tukahamia chumba cha shule ya Jumapili. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea vyuma viwili vya kushikilia kwa mabomba ya maji, kimo cha nyonga. Seremala akachonga kitanda kinacholingana na kiti cha magurudumu, ili mgonjwa ahamishwe bila kunyanyuliwa. Basi.

Jumapili moja, watu wakitoka ibadani, bibi aliyelala miezi tisa alishika vyuma vile akapiga hatua nne. Mishipa ya mikono imemtoka, kanga inamteleza, binti yake anaishikilia kwa nyuma huku akihesabu kwa sauti. Kwenye mnada wa sadaka siku hiyo, mkungu mmoja wa ndizi uliuzwa mara tano; kila aliyeununua aliurudisha mezani.

Hatua ya 4: Fedha. Michango ifuate mavuno ya kahawa na mahindi, na Desemba ndugu wanaporudi nyumbani. Asiye na fedha aje msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, au alete kokoto. Mapato na matumizi yasomwe kanisani kila mwezi, risiti zikiwa wazi. Msikope. Chumba kimoja kilichoezekwa ni bora kuliko sita vilivyoishia kwenye renta.

Hatua ya 5: Jengo. Milango iwe na upana wa sentimita 90, sakafu isiteleze. Njia ya kiti cha magurudumu isiwe kali: kila sentimita 10 za kupanda zipewe urefu wa sentimita 120. Na choo kiwe hapohapo, si kule bondeni.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Himo: Wasioweza kulipa mnawafanyaje?*
Mama, kila mtu huchangia kadiri ya uwezo wake, hata mayai, na mnada wa Jumapili ya kwanza ya mwezi hufidia pengo. Ila mshahara wa mtaalamu hatuugusi. Mkimkopa miezi miwili ataondoka, na atakuwa na haki.

*Kaka wa Pasua: Sisi ni Waislamu. Tunapokelewa?*
Karibuni sana, kaka. Sala hufanywa kwa anayeiomba tu. Na msikiti wenu ukitaka kuanzisha yake, nitawaletea vipimo vya vyuma mwenyewe.

*Mzee wa kanisa, Usa River: Baadhi ya washarika wanasema maombi yanatosha.*
Shikamoo mzee. Mchungaji wetu huomba, kisha hukaa kumtazama mgonjwa akifanya mazoezi mpaka mwisho. Tangu aanze hivyo, sijasikia tena maneno hayo.

*Dada wa Kibosho: Baba ana kiharusi, hawezi kushuka barabarani.*
Pole sana, dada. Alhamisi mtaalamu huzungukia majumbani kwa bodaboda. Leo hii anza kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na mkono uliopooza uuwekee mto, usining'inie. Nitumie jina la kitongoji chenu, nikuweke kwenye orodha ya wiki hii.