Kuonja tequila na kuzilinganisha: weka chumvi na ndimu pembeni kwanza

Kila wikiendi hapa kaunta naulizwa swali moja, "tequila gani kali?" (tequila ni ile pombe kali ya Meksiko). Sasa karibu zote zinazouzwa baa zetu zina kilevi cha asilimia 35 hadi 40, ukali ni ule ule, kinachotofautiana ni ladha, na ladha huwezi kuijua kama unalamba chumvi, unapiga shoti halafu unang'ata ndimu, hapo umeonja chumvi na ndimu tu. Hivi ndo ninavyofanya mimi nikitaka kulinganisha, na unaweza kufanya nyumbani na washkaji wawili watatu mkachangia chupa.

Hatua ya 1: soma chupa kabla hujatoa hela

Geuza chupa utafute maneno "100% de agave". Yakiwepo, sukari yote imetoka kwenye agave ya bluu. Agave ni ndugu kabisa wa mkonge wetu wa Tanga (nao ulitoka huko huko Meksiko, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Dr. Richard Hindorf, akauleta 1893), ila huku tulifuata nyuzi za majani, wenzetu wanakata majani yote wanabaki na lile bonge la katikati, wanalipika ndo sukari inatoka. Kama maneno hayo hayapo basi ni mchanganyiko, sheria yao inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwingine, mara nyingi kwenye miwa. Jose Cuervo Especial na Olmeca ya kawaida ziko kundi hili. Kwa margarita, yaani tequila ya kuchanganya na ndimu, hazina shida, ila kwa zoezi la leo tafuta zile za agave tupu.

Kitu cha pili ni herufi NOM na tarakimu nne. Hiyo ndo kitambulisho cha kiwanda. Kwa mfano chapa ya Fortaleza ni 1493, Don Julio ni 1449. Ukikuta chupa mbili za majina tofauti zina NOM moja ujue zimetoka kiwanda kimoja, na wapo watu wanabishana usiku kucha ipi bora kati ya hizo.

Hatua ya 2: amua unalinganisha nini

Hapa ndo wengi wanaharibu. Wanachukua blanco (changa, nyeupe) ya kampuni hii, añejo (iliyokaa pipani) ya kampuni ile, wanaonja, wanasema ya pili tamu zaidi, ndio ni tamu lakini hujui utamu umeletwa na pipa, na shamba au na mpishi. Badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo.

Njia rahisi ni kiwanda kimoja, umri tofauti. Blanco haijakaa kwenye pipa, au imekaa chini ya miezi 2. Reposado ni kuanzia miezi 2 mpaka karibu mwaka. Añejo mwaka 1 hadi 3 kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 600. Extra añejo ni miaka 3 kwenda juu, kundi hili liliongezwa 2006. Ukizipanga za nyumba moja utaona jinsi mbao inavyoingia taratibu: vanila, karameli, mdalasini, na agave inavyorudi nyuma. Mimi binafsi añejo nyingi naona zimekuwa kama wiski, ukinipa hela yangu nitanunua blanco, maana kwenye blanco mpishi hana pa kujificha.

Njia ya pili naipenda zaidi, blanco mbili za maeneo tofauti. Jalisco, jimbo la Meksiko linalotoa tequila, ina pande mbili zinazotajwa sana, Los Altos kule juu kwenye udongo mwekundu, na bonde la mji wenyewe wa Tequila. Chukua El Tesoro ya Arandas, mji wa Los Altos, kama mita 2,000 juu ya bahari, na Fortaleza ya mji wa Tequila, kama mita 1,200. Zote mbili agave tupu, zote zinapikwa kwenye tanuru la matofali, zote zinasagwa na tahona, lile gurudumu kubwa la jiwe. Kwa hiyo tofauti kubwa iliyobaki ni mahali, pamoja na maji na hamira yao. Ya juu kwa kawaida inakuja na matunda na maua, ya bondeni ina majani mabichi, pilipili manga, udongo, kidogo chumvi ya zeituni. Sio sheria ya msahafu lakini mara nyingi iko hivyo. Hizi mbili huku kuzipata ni kazi, msubiri ndugu anayerudi safari apitie maduka ya uwanja wa ndege. Don Julio na Patrón hazitakusaidia kwa zoezi hili maana zote ni za Los Altos.

Hatua ya 3: andaa meza

Glasi ya shampeni au ya divai nyeupe ndogo, zote za aina moja. Glasi ya shoti hapana, pua haina pa kuingia. Nusu toti kila glasi, yaani mililita 15 hivi. Isitoke kwenye friji, ubaridi unaua harufu. Maji ya kawaida, mkate mkavu au kreka, na kikombe cha kutemea, usione aibu kutema. Usijipulizie pafyumu. Pilau usipike jirani na hapo.

Hatua ya 4: pua

Anza na blanco, malizia na iliyokaa sana, ukigeuza mpangilio blanco itaonekana haina kitu. Usitumbukize pua yote kama unanusa waridi, kilevi kitakuchoma na ndo imetoka hiyo, pua imekufa dakika tano. Inamisha glasi, fungua mdomo kidogo, nusa kwenye ukingo wa chini, halafu katikati, halafu juu. Kila sehemu inatoa harufu yake. Unachotafuta kwanza ni agave iliyopikwa, inanukia kiazi kitamu kilichochomwa na asali kidogo. Ukiikosa kabisa kwenye blanco, jiulize imepikwaje. Kuna viwanda vinatumia difusor, mtambo unaokamua sukari ya agave mbichi kwa maji ya moto, na mara nyingi kinywaji chake kinakuwa chembamba, pilipili tu na spiriti.

Hatua ya 5: mdomo

Funda la kwanza dogo sana, lizungushe mdomo mzima, meza au tema, usilihukumu, hilo ni la kuuzoesha ulimi. La pili ndo lenyewe. Likae sekunde kumi hivi, meza, halafu toa pumzi kwa mdomo taratibu. Angalia mambo matatu: mwanzo ladha gani, mwanzo na mwisho zinafanana, na inakaa muda gani baada ya kumeza. Andika papo hapo, ukifika glasi ya tatu kila kitu kitakuwa "iko poa".

Kwenye zilizokaa pipani kuwa makini na utamu. Kanuni zinaruhusu viongezwa kama karameli, gliserini, sharubati ya sukari na dondoo la mwaloni, visivyozidi asilimia 1 ya uzito, bila lebo kusema. Vanila ikiwa kama keki ya besidei na midomo inanata, mimi naanza kushuku. Dondosha tone viganjani, sugua mpaka kilevi kikauke, nusa: ikibaki harufu ya agave, safi; ikibaki ya aiskrimu, mmh. Sio ushahidi wa mahakamani, lakini ukilinganisha viganja viwili vya chupa mbili unapata picha.

Cristalino, ile añejo iliyochujwa kwa mkaa ikawa nyeupe, iweke ya mwisho kabisa. Usiifananishe na blanco kwa vile zote hazina rangi, iweke pembeni ya añejo ya nyumba hiyo hiyo uone mkaa umeondoka na nini.

Acha glasi zilizobaki dakika 20 kisha nusa tena. Na aliyemeza badala ya kutema asiguse funguo, aite bodaboda.