Kabla ya kuwasha moto uani msimu huu wa kiangazi

Kwa kuwa Dodoma haipati mvua ya maana kuanzia Mei hadi Novemba, na upepo wa Julai na Agosti huvuma kwa nguvu hasa kuanzia asubuhi hadi alasiri, moto wa kuota au wa kuchoma nyama uani unahitaji tahadhari kubwa kuliko wengi wetu tulivyozoea. Kwanza, muulize mtendaji wa mtaa wako sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu moto wa wazi, kwa sababu kinachovumiliwa kijijini huenda kisivumiliwe mjini, ambako nyumba zimebanana.

Chimba shimo fupi, lizungushie mawe makavu, kisha ufyeke na kufagia majani pande zote, mbali na ua wa miti na banda la kuku. Mawe yaliyotolewa korongoni yakiwa na unyevu yanaweza kupasuka yakipata moto. Tumia kuni kavu tu. Kuchoma plastiki na taka humo ni kuwafukiza majirani sumu, na kwa maoni yangu ugomvi mwingi wa moshi huanzia hapo.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kuzima. Kufukia makaa kwa mchanga peke yake hakutoshi, kwani yanaweza kukaa na joto hadi asubuhi, upepo ukayafukua. Mwagia maji, koroga, kisha mwagia tena mpaka majivu yapoe kabisa. Moto ukikushinda, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.