Sungura Mweupe Anaficha Rangi: Mjue kwa Watoto Wake

Mfugaji ananunua sungura jike mweupe wa macho mekundu, wa aina ya New Zealand White, anampandisha kwa dume safi la aina ya California, jeupe lenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Wanazaliwa watoto wanane. Baada ya wiki chache wote wanaanza kupata weusi puani. Mfugaji anaamua kwamba mbegu ya jike ni dhaifu, anamuuza. Hasara hiyo inaniuma, maana jike hakuwa na kosa.

Kila mtoto hupokea nusu ya urithi wa rangi kwa mama na nusu kwa baba. Weupe wa macho mekundu huonekana pale tu mtoto anapoupata pande zote mbili. Akiupata upande mmoja, anaubeba bila kuuonyesha. Hao wanane wote wanaubeba. Ukipandisha wawili wa namna hiyo, kwa wastani robo ya watoto watakuwa weupe watupu. Ni wastani tu: mzao mmoja unaweza kutoa wanne, mwingine asitoke hata mmoja. Tafuta chotara wa ukoo mwingine, usipandishe ndugu kwa ndugu kwa ajili ya rangi.

Weupe huo ni kama chokaa ukutani. Chini yake kuna rangi nyingine, nyeusi au kahawia, usiyoweza kuiona. Macho nayo hayana rangi yoyote. Wekundu ule ni damu inayoonekana kwa ndani. Ndiyo maana weupe wa macho ya bluu ni urithi mwingine kabisa. Pandisha mweupe safi wa macho mekundu na mweupe safi wa macho ya bluu, utapata watoto wenye rangi.

Ukitaka kununua dume la California kwa mbegu, usitosheke na pua nyeusi. Mpandishe kwa jike mweupe wa macho mekundu, kisha subiri watoto wafike wiki sita hivi, kwa kuwa weusi hauonekani siku ya kuzaliwa. Akitokea hata mmoja mweupe mtupu, dume huyo anaubeba weupe. Wakitoka wanane wote na weusi, yaelekea haubebi: dume anayeubeba hupata wanane wa namna hiyo kwa bahati ya 1 tu kati ya 256. Andika kila mzao daftarini: tarehe, mama, baba, idadi na rangi.

Kumbuka pia kwamba weusi wa California hutegemea ubaridi wa ngozi. Kwenye joto la pwani hufifia, kwenye nyanda za juu hukolea. Mtoto aliyepigwa na baridi kwenye kisanduku cha kuzalia anaweza kuota manyoya ya kijivu mgongoni, yakaisha anapobadilisha manyoya. Usimchinje kwa sababu hiyo. Ongeza nyasi kavu kwenye kisanduku.

Kwa sungura wa madoadoa nina onyo moja, na nalisisitiza. Usipandishe wa madoa kwa wa madoa. Takriban robo ya watoto watapata urithi wa madoa pande zote mbili: wanakuwa karibu weupe, wana rangi kidogo tu masikioni na kuzunguka macho, na wengi wao huugua utumbo mpana. Unapanuka, kinyesi kinakwama, mnyama anakonda huku anakula. Mpandishe wa madoa kwa wa rangi moja: takriban nusu watatoka na madoa, na hakuna atakayebeba urithi huo mara mbili.